Fotoelektrodi ya nano ni nini, na kwa nini kutu inaoteshwa kama nyasi?

Fotoelektrodi ni kipande cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme nusunusu) unachokizamisha kwenye maji yaliyotiwa alkali au chumvi, jua likikipiga kinatoa chaji, na hizo chaji ndo zinapasua maji yanakuwa haidrojeni na oksijeni. Yaani sola na mtambo wa kupasua maji kwa umeme vimekuwa kitu kimoja.

Waliofanya jambo hili lijulikane ni Wajapani wawili, Fujishima na Honda, mwaka 1972 kwenye jarida la Nature. Walitumia titaniamu dioksaidi, hiyo hiyo inayotiwa kwenye rangi nyeupe za ukuta. Haichakai kirahisi, ila inakula miale ya urujuanimno tu (ile isiyoonekana kwa macho), ambayo kwenye jua ni kama asilimia 5 hivi, mwanga mwingine wote unapita bure.

Watu wakageukia hematiti, oksaidi ya chuma, ndugu wa damu wa kutu. Ipo tele na mwanga wa kawaida inaula vizuri. Sasa kasheshe iko hapa: mwanga ukiipiga, elektroni inaruka na kuacha tundu, yaani nafasi tupu yenye chaji chanya, na hilo tundu ndo linatakiwa lifike kwenye maji likatoe oksijeni, lakini ndani ya hematiti tundu linatembea nanomita 2 mpaka 4 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) halafu linakutana na elektroni linazibwa, umebaki joto basi. Na mwanga wenyewe unataka unene wa mamia ya nanomita ndo umezwe wote! Ukiifanya nyembamba jua linapita, ukiifanya nene matundu yanafia njiani.

Ndo nano ikaingia. Badala ya kupaka utando bapa, unaotesha vijiti vyembamba vilivyosimama wima kama nyasi. Mwanga unashuka kwa urefu wa kijiti, tundu linatokea ubavuni, hatua mbili tatu liko majini. Mimi huu ujanja naupenda sana, maana hujabadilisha kemikali yoyote, umebadilisha umbo tu.

Ila uso ukiongezeka na kasoro za usoni zinaongezeka, chaji zinanasa humo, ndo maana vijiti vinapakwa vitu kama kobalti fosfeti kuharakisha oksijeni itoke. Halafu elektroni za hematiti hazina nguvu ya kutosha kutoa haidrojeni zenyewe, lazima zisukumwe kwa volti za ziada kutoka nje. Kwa hiyo mtu akikwambia hematiti peke yake inapasua maji kwa jua tu, muulize hizo volti kazitoa wapi.