Kabla ya Majuu Kulikuwa na Wenela: safari za watu wa Nyanda za Juu Kusini

Mugonile, kamwene ndugu zangu. Siku hizi ukitaja diaspora watu wanawaza Houston, London, Dubai, yani mtu kapanda ndege, kapata makaratasi na sasa anatuma hela nyumbani. Kwenye kitengo chetu cha historia tukipita mashuleni na kwenye mikutano ya vijiji tunaulizwa sana hilo, diaspora yetu sisi iko wapi, na mimi huwa nawajibu anzeni kuhesabu Kitwe na Luanshya, miji ya migodi ya shaba kule Zambia, na Johannesburg ndo mfike Ulaya, maana huko ndo watu wa Tukuyu, Kyela, Mbozi, Njombe na Songea walikoenda, na wapo waliooa hukohuko, wakazaa na wakazikwa hukohuko.

Kilichowatoa nyumbani mwanzoni ni kodi. Mjerumani alianza kodi ya kibanda mwaka 1898, Mwingereza alipoingia akaiendeleza, na kodi inataka hela wakati huku kwetu ng'ombe wapo, ndizi zipo, ulezi upo, hela ndo haipo. Kahawa ya Rungwe na mpunga wa Kyela vilikuja kusaidia baadaye na havikumfikia kila mtu. Kwa hiyo Wabena na Wangoni wengi walishuka kwenye mkonge Tanga na Morogoro, wale manamba, wakifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku ambayo hukumaliza eneo ulilopimiwa haikuandikwa hata kama umeshinda juani kutwa nzima. Wengine waliishia Lupa, kule Chunya, ambako dhahabu ilionekana mwaka 1922 na miaka ya 1930 pakawa pamefurika watu.

Wanyakyusa wengi walivuka Tunduma. Migodi ya shaba ya Copperbelt, Zambia ya leo, ilishika kasi miaka ya 1930 na ilikuwa inataka watu, ila tusidhani ni kodi peke yake iliyowapeleka. Kulikuwa na suala la mahari. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, kijana akimsubiri baba yake amtolee ng'ombe anaweza kusubiri miaka na miaka huku wenzie wanaoa, sasa hela ya mgodini ikampa njia ya kupata ng'ombe wake mwenyewe, akarudi na baiskeli, blanketi na nguo za dukani, na mdogo wake akishaona hivyo na yeye msimu unaofuata yuko njiani. Waliobaki na jembe ni akina mama. Hili halisemwi vya kutosha na linaniuma, kwa sababu tunasimulia habari za wanaume waliosafiri tu wakati mashamba, wagonjwa na watoto vilibaki kwa mwanamke ambaye hata hajui mume atarudi lini au kama atarudi.

Halafu kuna Wenela. Hili lilikuwa shirika la wenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, lilianzishwa mwaka 1900 kwa kazi moja ya kukusanya vibarua kutoka nchi za jirani. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku kuchukua watu wa kaskazini ya latitudo 22 kusini, yani watu wa nchi za joto, sababu walikuwa wanakufa mno, hasa kwa nimonia. Hebu fikiria mtu anatoka chini ya ardhi kwenye joto kali, jasho linamtiririka, anakutana na baridi ya Johannesburg usiku wa mwezi wa saba halafu anaenda kulala kwenye bweni lililojaa watu. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1930 na mlango ukafunguliwa tena, watu wa huku nao wakapita, wakajifunza Fanakalo, ile lugha ya kuamrishana mgodini. Uhuru ulipopatikana serikali ya Tanganyika ikakataa watu wake kuendelea kukusanywa kwa ajili ya migodi ya makaburu.

Na sio kila aliye ng'ambo alihama. Mwaka 1890 Mjerumani na Mwingereza walikubaliana mto Songwe uwe mpaka, basi Mnyakyusa akabaki huku na ndugu yake Mngonde akawa mtu wa Karonga, na hakuna aliyekuwa ametoka nyumbani kwake.

Sisi nasi tumepokea watu. Wangoni walitoka mbali kule kusini wakikimbia vita vya wakati wa Shaka, mfalme wa Wazulu, wakiongozwa na Zwangendaba wakavuka Zambezi mwaka 1835, na yeye akafia Ufipa miaka ya 1840, ila vizazi vyao leo ni wenyeji wa Songea na hakuna anayewaita wageni. Rujewa, kule Mbarali, kuna Wabaluchi, watu ambao asili yao ni Baluchistan, upande wa Iran na Pakistan. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia wakimbizi wa Kipolandi waliwekwa Ifunda na Kidugala. Mwaka 1962 Mandela alipotoka kwao kwa siri alitua hapahapa Mbeya, na baadae akasimulia alivyoshangaa kukuta hotelini weusi na weupe wamekaa pamoja. Kwa hiyo ninaposikia watu wanavyowasema vibaya vijana wa Kiethiopia wanaokamatwa kwenye malori barabara ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, wakielekea Sauzi nakosa raha kabisa, babu zetu walienda hukohuko kutafuta hichohicho.

Ombi letu kwa familia ni hili. Kwenye sanduku la bati la babu kunaweza kuwa na kipande, stakabadhi ya kodi, kitambulisho cha mgodi, barua au picha ya studio ya Kitwe, msichome wakati wa kusafisha nyumba baada ya msiba. Vitabu vya ubatizo vya Moraviani na Walutheri navyo vinasaidia kupata majina na wazazi, maana wamisionari wa pande zote mbili waliingia huku mwaka 1891. Wazee waliopo waulizeni mapema na muwarekodi kwa simu, alipita njia gani, alilala wapi, nani alimwandikisha, alipewa jina gani mgodini, mshahara wake aliufanyia nini, na bibi naye aulizwe peke yake bila babu kuwepo. Karatasi zipigeni picha mbele na nyuma, kwa sababu majina ya watu na tarehe mara nyingi yameandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi.