Kutega Fuko kwa Vidole Vinavyouma

Huku Kinangop, nyanda za juu za Kenya, ukiita mtegaji wa fuko, anayekuja mara nyingi ana mvi. Vijana wachache ndio wamejifunza kazi hii, na sisi tunaoijua ndio ambao viungo vya vidole vimeanza kuvimba. Nimetega fuko katika mashamba ya viazi na karoti kwa miaka mingi, na ningependa wazee wenzangu wanisikilize kwa jambo moja: kinachotumaliza si kule kupinda ufito. Ni kubana uzi kwa ncha za vidole.

Angalia mtego wenyewe. Ufito unachomekwa kando ya njia ya fuko iliyo chini ya ardhi, ukapindwa mpaka ncha yake ikae juu ya shimo ulilofungua. Kwenye ncha kunaning'inia vitu viwili: kitanzi cha waya kinachozunguka njia, na uzi mwembamba unaoshuka katikati ya njia hadi kwenye kijiti cha chini. Fuko hapendi hewa iingie kwake. Akiihisi, anakuja akisukuma udongo ili azibe, anakuta uzi umemzuia, anaukata kwa meno. Mtego unafyuka, kitanzi kinambana kwenye dari la njia.

Sasa tazama mikono wakati wa kutega. Wa kushoto umekandamiza ufito. Wa kulia uko ndani ya shimo, gumba na kidole cha shahada vimebana uzi uliolowa tope, vikitafuta kufunga fundo, na ufito unavuta juu muda wote huo. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walikokotoa kwamba kubana kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya gumba huwa kama kilo 12 kwenye kiungo kilicho chini kabisa, pale gumba linapokutana na kifundo cha mkono. Ndipo hapo hapo wengi wetu tunapoumwa.

Kwa hiyo mzigo uondoe kwenye vidole. Mimi hukata kigingi chenye tawi fupi lililobaki kama ndoano, nikakipigilia karibu na shimo, pale ncha ya ufito inapofika ukipindwa. Naukandamiza ufito kwa kiganja na uzito wa mwili, kisha naushikiza kwenye ndoano kwa kamba nene ya katani. Hapo mikono yote miwili iko huru. Nafunga uzi taratibu, hata nikitaka kupumzika napumzika. Nikimaliza, naitoa ile kamba kwenye ndoano polepole, kichwa nimekiweka pembeni, na uzi unaupokea mzigo. Kamba yenyewe nimeifungia kijiti cha kushikia chenye unene wa sentimita 3 hivi, ili niivute kwa kiganja kizima. Waya nao naukaza kwa plaisi, sio kwa kucha.

Jambo la pili ni ufito. Tumezoea kukata fito nene kupita kiasi, wakati fuko mzima ana uzito wa gramu 200 hivi. Chukua ufito mrefu zaidi. Unene ukiwa uleule, urefu ukiongezeka mara mbili, ugumu wa kuupinda unabaki sehemu moja ya nane. Ukipunguza unene hadi nusu bila kugusa urefu, unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Lakini usivuke mpaka. Ufito mlegevu humwacha mnyama akihangaika akiwa hai, na hilo mimi silikubali hata kama anamaliza viazi vya watu. Jaribu mtego mtupu kwanza: lazima uruke na kunyooka mara moja. Halafu kaa karibu, usiuache mpaka kesho.

Mpini wa panga uzungushie tyubu ya baiskeli uwe mnene, ngumi isilazimike kujikaza. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya huku inapouma, loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi kabla ya kutoka, na uvae glavu za sufu zilizokatwa ncha.

Ila si kila maumivu ni ya uzee. Vidole vikiamka vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na vifundo vya mikono yote miwili vimevimba na vina joto, nenda hospitali mapema. Huenda ni ugonjwa mwingine wa viungo, nao una dawa zake zinazozuia mkono usipinde.

Mimi hupaka jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu, jioni, kazi ikiisha. Asubuhi sipaki kitu chenye harufu, kwa sababu fuko haoni vizuri na anategemea pua. Vidonge vya dawa hiyo ni habari nyingine: vinaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha, kwa hiyo usivimeze kila siku ya kutega bila daktari wako kujua.