Beki kisiki maana yake nini hasa

Juzi kati kwenye kibanda umiza kimoja huku Majengo, Moshi, kulizuka ubishi kuhusu beki aliyekula kadi nyekundu, jamaa mmoja akasema "ndo maana anaitwa kisiki, ukipita kwake lazima uumie", na karibu kibanda kizima kikaitikia. Mimi iliniuma, maana hili neno ni zuri sana na tunalipoteza hivi hivi, tunaligeuza liwe sifa ya kuvunja watu miguu. Kwahiyo ngoja nilieleze ninavyolijua.

Mti ukikatwa, kile kinacholala chini ni gogo, kile kinachobaki ardhini na mizizi yake ndo kisiki. Tuliokulia kihambani, chini ya migomba na kahawa, tofauti hiyo tunaijua kwa mikono. Gogo la mringaringa hata liwe kubwa vipi, wakija vijana wanne wanalibiringisha na jioni halipo. Kisiki cha mringaringa huo huo utalima pembeni yake miaka na miaka, jembe likikigusa linarudi, mzee anakwambia kiache, zunguka. Na kisiki hakimfuati mtu wala hakirushi mguu, wewe ndo unaenda kujikwaa kwake.

Basi beki kisiki ni huyo. Ni beki wa kati, namba nne au namba tano, ambaye mashambulizi yanamfikia na kuishia kwake kwa sababu alishasimama pale yanapopita kabla hayajafika. Nguvu anaweza kuwa nayo au asiwe nayo sana. Beki mwenye mwili mkubwa ambaye straika akienda pembeni naye anamfuata, straika akirudi katikati ya uwanja naye anamfuata, huku nyuma nafasi iko wazi kama lango la sokoni, huyo ni gogo, anabiringishwa.

Mimi hili nilifundishwa na fundi pikipiki. Nilikuwa dogo wa miaka kumi na saba, namba tano kwenye timu yetu ya mtaani, yeye namba nne na ndo nahodha, mtu mzima tayari, mchana anashika spana na jioni anakuja na daluga zake kwenye mfuko wa rambo. Siku hiyo tunacheza ndondo kwenye uwanja wa vumbi, straika wao ana mbio za hatari, ananivuta huku na huku, nilishapigwa tobo mara mbili, mpira unapita katikati ya miguu yangu, na watu wanapiga kelele. Fundi akanisogelea, hata hakunigombeza, akaniambia "dogo, usimfuate huyo, simama hapa, atakuja mwenyewe". Nikamjibu "sawa bro" lakini roho iko juu. Mpira uliofuata jamaa akaanza mbio zake, mimi miguu inawasha kumkimbilia, fundi ananiambia taratibu tu "bado... bado...", jamaa akausogeza mpira mbele ili anipite, ukaenda mrefu kidogo kuliko alivyotaka, fundi akapiga hatua mbili tu na mpira ukawa wake. Hakuteleza wala hakumgusa mtu, hata bukta haikushika vumbi. Akaupiga pasi kwa kiungo, akainua mkono tusogee mbele wote. Mpaka leo nikisikia neno kisiki naona zile hatua mbili.

Ukitaka mfano wa dunia nzima, mchukue Fabio Cannavaro wa Italia. Urefu wake ni kama mita 1.76, yaani kwa beki wa kati ni mfupi kabisa, hapa mtaani wangemwambia aende akacheze pembeni. Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani alikuwa nahodha, mwenzake wa katikati Nesta akaumia kwenye mechi ya tatu, ikabidi aingie Materazzi, na bado Italia ilimaliza mechi saba imefungwa mabao mawili tu, moja walijifunga wenyewe dhidi ya Marekani na jingine penati ya Zidane wa Ufaransa kwenye fainali. Ina maana hakuna mpinzani aliyewafunga kwa mpira wa kutembea, yaani mchezo ukiendelea kawaida bila penati. Na yeye mashindano yote hakuonyeshwa hata kadi ya njano, hapo ndo nataka watu wa "ukipita unaumia" wapatazame vizuri. Nusu fainali na Ujerumani, dakika za mwisho kabisa za nyongeza, aliokoa kwa kichwa, mpira haukwenda mbali, akaufuata tena akamuwahi mtu na kuuchukua, na kutoka hapo hapo likaenda shambulizi alilomalizia Del Piero bao la pili. Fainali ilikuwa mechi yake ya 100 timu ya taifa na mwaka huo huo akachukua Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora, beki!

Jina lake likafika mpaka kwetu. Nadir Haroub wa Zanzibar, beki wa Yanga na Taifa Stars, alipewa jina la Cannavaro na likamkaa hadi wengine wakasahau la kwake, na yeye pia akawa nahodha kote kuwili.

Hapo ndo tunafika kwenye kitambaa cha unahodha. Kwanini mabeki wa kati wengi wanakuwa manahodha? Watu wanasema ni ukali, mimi naona sababu kubwa ni mahali anaposimama. Straika anacheza kaupa mgongo uwanja nusu ya muda, winga ana mstari wake, ila namba nne anawaona karibu wote mbele yake, anajua nani kachoka na nani hajarudi kukaba, na mtego wa ofsaidi, mabeki kupanda pamoja ili straika abaki nyuma yao kaotea, unategemea sauti yake, akichelewa kusema "toka" sekunde moja tu mmefungwa. Kipa naye anaona, lakini yuko mbali, refa akizingirwa kule katikati hawezi kuacha goli akimbie. Kwenye Euro 2024 waliweka utaratibu kwamba anayemwendea refa kuomba maelezo ni nahodha peke yake, na nahodha akiwa kipa timu inamtaja mchezaji mwingine wa kufanya hiyo kazi. Kisheria nahodha hana upendeleo wowote kwa refa, ana dhamana tu ya tabia ya timu yake.

Halafu kuna suala la miaka. Kisiki kina mizizi, na mizizi ni muda. Mbio zinaondoka mapema ila kusoma mchezo kunaongezeka, ndo maana kazi ya beki wa aina hii inaenda mbali. Paolo Maldini alianza AC Milan Januari 1985 akamaliza 2009 akikaribia miaka 41, mechi 902, timu ile ile moja. Baba yake Cesare naye alikuwa beki na nahodha wa Milan, akanyanyua kombe la Ulaya Wembley mwaka 1963, mtoto akaja kulinyanyua Manchester 2003, miaka arobaini baadaye, nchi ile ile. Kwetu kuna Leodegar Tenga, beki aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars kule Lagos 1980, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) yetu ya kwanza, na tukakaa miaka 39 bila kurudi. Yeye baadaye akawa rais wa TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, 2004 mpaka 2013. Mtu aliyezoea kuwapanga wenzake kutokea nyuma.

Kuhusu kitasa, jina jingine wanalopewa mabeki, hilo wengi wanalichanganya na kisiki na sio kosa kubwa, watangazaji wenyewe wanayabadilisha. Mimi nikisikia kitasa nafikiria mlango wote umefungwa, unaweza hata kusema mabeki wawili wa kati ni kitasa. Kisiki ni mtu mmoja. Na beki wa pembeni, namba mbili au tatu, anayepanda na kushuka na kumwaga majalo, zile pasi za juu kutoka pembeni kwenda golini, hata awe nahodha na awe bora ligi nzima humuiti kisiki, kazi yake ni kutembea.

Fundi wetu aliacha mpira magoti yalipokataa. Gereji yake bado ipo, na ukimpelekea pikipiki jioni utamkuta kashafunga, yuko pembeni ya uwanja nyuma ya goli letu, anamwambia namba tano wa sasa "bado... bado...".