Una cheti cha NGO? TRA bado wanakusubiri

Anayeandaa hesabu za mashirika hapa Arusha ataisikia sentensi hii kuanzia Njiro hadi Usa River, na akivuka kwenda Moshi ataikuta imeshafika: "Sisi ni NGO, hatulipi kodi." Wanaoisema si wakwepaji. Ni mama wa mradi wa cherehani, mchungaji mstaafu, kijana aliyeacha kuongoza watalii baada ya kupata wafadhili Ujerumani. Ukiwauliza barua ya TRA, Mamlaka ya Mapato, iko wapi, wanakuonyesha cheti cha usajili kilichotiwa fremu ukutani.

Cheti hicho kimetolewa na Msajili wa NGO, chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Kodi ina sheria yake, ile ya Kodi ya Mapato ya 2004, na mwenye kauli huko ni Kamishna Mkuu wa TRA. Msajili hawezi kukusamehe hata shilingi. Kinachohusu taasisi za hisani ni kifungu cha 64: mnaandika maombi, mnaambatisha katiba, mnaonyesha kwamba kazi yenu ni kupunguza umaskini, kuendeleza elimu au kutoa huduma kama afya na maji kwa umma, si kwa ukoo wenu. Kamishna ndiye anayeamua, kwa maandishi. Bila uamuzi huo, TRA wanawaona kama kampuni nyingine yoyote, na ziada ya mwaka inaweza kutozwa asilimia 30.

Haya, tuseme barua imetoka. Hapo ndipo watu wanapumzika mapema. Hadhi ya hisani inahusu mapato ya shirika. Mshahara wa mwalimu wenu haumo: PAYE, yaani kodi ya mshahara, mnakata nyie na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Pango nalo halimo: asilimia 10 ya kodi ya zuio inakatwa kabla ya kumlipa mwenye nyumba. (Atanuna. Anune.) Ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, mnapeleka hata kama mwaka mzima akaunti haikuingia kitu.

Halafu kuna ujanja wa "posho". Mtu anaripoti kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kila mwisho wa mwezi anapokea laki nne, lakini kwenye vitabu ameandikwa "mtu wa kujitolea". Huyo ni mwajiriwa, muiteni mnavyotaka. Anadaiwa PAYE, maana amepita 270,000 kwa mwezi, kiwango kisichotozwa, na michango yake ya hifadhi ya jamii, NSSF, inatakiwa iende. Madai haya hayaji kidogokidogo. Yanakuja ya miaka kadhaa kwa mkupuo, pamoja na riba na adhabu, na sijaona mfadhili anayekubali hela ya madawati ilipe adhabu ya kodi. Ndiyo maana kila mteja mpya namwambia atafute mtunza vitabu kabla ya kununua gari, Noah. Wengi hununua Noah.

Mengine nitayapitia haraka. "Shirika ni langu, nimelianzisha mimi." Likishasajiliwa, shirika ni mtu kisheria, lenye jina na mali yake. Kiwanja cha Moshono kilichonunuliwa kwa hela za wafadhili kiandikwe jina la shirika, la sivyo siku ukifa wanao na shirika watakutana mahakamani. Na mume mwenyekiti, mke katibu, shemeji mhazini, hiyo ni kamati ya harusi.

Wanaodai kwamba ili usajiliwe lazima uwe na "mtu wako Dodoma" mara nyingi ndio wanaokuuzia huyo mtu. Maombi yanajazwa mtandaoni, na barua ya utambulisho unaianzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Mkitaka kufanya kazi Moshi Vijijini tu, sajilini ngazi ya wilaya. Cheti nacho si cha milele: tangu marekebisho ya 2019 kinadumu miaka 10, na kila mwaka kuna ada na ripoti. Mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa.

Mgeni anayekuja kupanda Kilimanjaro ni mtalii. Akishuka mlimani akakaa miezi mitatu kufundisha Kiingereza kwenye mradi wenu, viza ya utalii haimfuniki tena. Kibali cha ukaazi daraja C kipo kwa ajili ya watu wa kujitolea, na Uhamiaji wakija, wanaoulizwa ni wenyeji wake.

Na wenye vituo vya yatima: cheti cha NGO hakiruhusu kulaza watoto. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kama tayari una watoto kumi ndani, usije kwangu kwanza. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kesho asubuhi.