Weusi wa shale haukuambii yote

Ukivunja kipande cha shale nyeusi, yaani jiwe la matope yaliyogandamana kwa matabaka, vidole vinabaki na vumbi la giza, na wengi huhitimisha papo hapo kwamba jiwe hilo limesheheni mabaki ya viumbe vya kale. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Asilimia 1 au 2 ya kaboni ya viumbe (kaboni iliyotokana na mabaki yao), ikisaidiwa na chembe laini za pairiti, madini ya chuma na salfa, hutosha kulitia jiwe weusi. Anayetaka kujua kiasi halisi hulisaga, huutia unga wake asidi ili chokaa iishe, kisha huuchoma na kupima kaboni dayoksaidi inayotoka. Hizi hapa ni dhana tano potofu kuhusu jinsi kaboni hiyo inavyojikusanya.

"Bahari ikikosa oksijeni, utajiri wa kaboni unakuja wenyewe"

Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi zaidi, na ni ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Pasipo oksijeni, wanyama wanaofukua tope hawaishi, na uozaji hupungua kasi. Lakini tazama Bahari Nyeusi. Kuanzia kina cha mita 200 hivi hadi sakafuni, zaidi ya mita 2,000 chini, hakuna oksijeni. Hata hivyo, tope linalotua huko siku hizi lina kaboni ya viumbe kidogo kuliko tabaka jeusi lililo chini yake, ambalo nalo lilitua bila oksijeni. Sababu inaonekana kwa macho ukipasua sampuli: tabaka la juu limejaa mistari myeupe, myembamba kama karatasi. Ni magamba ya chokaa ya mwani, nayo yameizimua kaboni.

"Planktoni wakiwa wengi, inatosha"

Wingi wa planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, hautoshi. Katika bahari ya kawaida, chini ya asilimia 1 ya kinachozalishwa juu ndiyo huzikwa. Kilichobaki huliwa au huoza njiani. Tena, wingi wa planktoni na uhaba wa oksijeni havishindani. Tope lisilo na oksijeni huachia fosforasi irudi majini, fosforasi hulisha mwani, na mwani ukioza humaliza oksijeni iliyosalia. Anayelazimisha tuchague kimojawapo anakata duara vipande.

"Mashapo yakitua haraka ndiyo bora"

Yakitua polepole mno, bakteria hupata muda wa kula karibu kila kitu. Yakitua haraka mno, udongo wa mito huimeza kaboni.

"Lazima bahari iwe ya kina kirefu"

La. Shale ya Posidonia ya Holzmaden, Ujerumani, yenye umri wa takriban miaka milioni 183, ilitua katika bahari ya kina kifupi iliyofunika bara.

"Chanzo cha matabaka meusi ni cha baharini tu"

Matabaka meusi ya Mediterania hufuata vipindi ambavyo mvua za monsuni zilizidi barani Afrika. Kati ya miaka 10,000 na 6,000 hivi iliyopita, Nile ilifurika, maji yake mepesi yasiyo na chumvi yakatanda juu ya bahari kama kifuniko, na oksijeni ikashindwa kushuka hadi sakafuni.