Masega ya Ekzosi Yakifa Mapema, Mtafute Kwanza Aliyeyaua

Ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi (catalytic converter), hakuna kitu kinachozunguka wala kusuguana. Kuna tofali la kauri lenye vitundu maelfu, na kuta zake zimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapita, madini hayo yanauchochea ugeuke, yenyewe hayaliki. Kwenye injini nzima masega hufika kilomita 160,000 na kuzidi. Ukiona yamekufa kwenye 70,000, au yale mapya ya mwaka jana yameshaziba, ujue kuna kitu kwenye injini kimeyaua. Ukifunga mengine bila kukiondoa, nayo yatakwenda njia ile ile.

Kwanza hakikisha kweli yamekufa. Mashine ya kusomea makosa ya kompyuta ya gari ikionyesha namba P0420, mafundi wengi hukimbilia kusema masega yamekwisha. Namba hiyo inasema jambo moja tu: kompyuta imeiangalia sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega, ikaona inachezacheza kuliko inavyotakiwa. Washa injini ikiwa ya baridi, sikiliza kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda. Mlio wa tik-tik-tik, au masizi meusi pembeni ya gasketi, maana yake ekzosi inavuja. Panapovuja, hewa ya nje huvutwa ndani na sensa hudanganyika. Inauma kuona masega mazima yanatupwa kwa kosa la gasketi.

Kama hakuna panapovuja, endesha dakika 15 ili moto ukolee, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika huku ukitazama sensa ya nyuma. Masega mazima huonyesha mstari uliotulia, volti 0.6 hadi 0.8. Ukiona inaruka haraka haraka kati ya 0.1 na 0.9, hayana kazi tena. Usihangaike kuilinganisha na sensa ya mbele kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja huku. Ile ni ya aina nyingine, na mashine huionyesha karibu na volti 3.3. Kipimo cha joto la mbele na nyuma ya masega mimi sikitegemei, kwa sababu injini inayochoma vizuri haiachi uchafu wa kutosha kuleta tofauti.

Kuziba ni suala jingine. Gari linakuwa zito, linakataa mlima, wakati mwingine linazima. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, Dar es Salaam au Mombasa utasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila mita 300 unazopanda hupunguza karibu inchi moja, kwa hiyo Nairobi inchi 12 hadi 15 ni injini nzima kabisa. Panda hadi mizunguko 2,500 na ushikilie. Mshale ukishuka polepole bila kurudi, ekzosi imebanwa. Kupata uhakika, fungua sensa ya mbele kwa spana namba 22, funga geji ya presha kwenye tundu lake: silensa isizidi psi 1.5, na kwenye 2,500 isizidi psi 3.

Sasa ingiza kamera ya waya kwenye tundu hilo hilo uutazame uso wa masega, maana hapo ndipo muuaji huacha alama zake.

Vitundu vikiwa vimeyeyuka na kushikana, kama sega la nyuki lililowekwa karibu na jiko, petroli mbichi imeungulia humo ndani. Kauri hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,400. Chanzo kikubwa ni injini kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka: plagi zilizochoka, koili iliyokufa. Taa ya injini ikiwaka na kuzima kama indiketa, kompyuta inakwambia masega yanaungua sasa hivi; toa mguu kwenye mafuta, paki. Mafundi wenzangu, hapa nasi tuna makosa. Kuchomoa koili moja moja injini ikiwa inanguruma ili kujua silinda ipi inamisi ni kuyamwagia masega petroli. Chomoa soketi ya nozeli badala yake. Jibu ni lile lile na mafuta hayaendi.

Kosa jingine letu ni kutoa thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Gari likichemka, mtu anaing'oa na kuitupa, mteja anafurahi. Injini inabaki ya baridi, nyuzi 60 hivi badala ya 85 hadi 90, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Miezi kadhaa ya hali hiyo inatosha kuyachosha masega.

Uso ukiwa umefunikwa majivu ya kijivu lakini vitundu vipo, injini inakula oili. Fosforasi na zinki za kwenye oili huyapaka madini yale yakakosa kugusana na moshi. Injini za Toyota 1ZZ-FE za mwanzo, zilizomo kwenye Wish na Allion za cc 1800, zinajulikana kwa hili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba, ringi zinaganda. Jaza oili mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena. Ikipungua nusu lita, usifunge masega mapya kabla ya ringi.

Ukungu mweupe, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, kapime gasketi ya silinda hedi. Rangi ya kutu iliyo hadi kwenye plagi mara nyingi hutokana na dawa za kuongeza nguvu ya petroli zenye manganizi au chuma. Kauri iliyovunjika bila kuyeyuka, tafuta kovu la jiwe au tuta kwenye gamba la masega, au uliza kama gari lilipita kwenye mafuriko ekzosi ikiwa ya moto.

Masega yaliyovunjika yakiwa karibu na injini, usisubiri. Kwenye injini ya Nissan QR25DE unga wa kauri huweza kuvutwa kurudi kwenye silinda na kuzikwaruza, halafu injini yenyewe inaanza kula oili.

Najua wengi huyang'oa na kuyauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kaboni monoksidi itakayotoka hapo haina harufu, na anayeivuta ni mtoto aliyesimama kituoni.

Ukimaliza kurekebisha chanzo, futa makosa na angalia kwenye mashine marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta. Yakiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini, funga masega mapya. Rudi kwenye sensa ya nyuma baada ya kilomita 1,000. Mstari ukiwa bado umetulia, mrudishie mteja funguo.