Acheni kuisingizia dopamini

Imezunguka tena wiki hii kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp ile sauti ya mtu anayejiita mtaalamu. Anasema kila laiki anayopata mtoto inammwagia dopamini, kemikali ya ubongo, sawasawa na kokeini, na kijana anayeshinda TikTok ubongo wake umeshaoza. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi na vijana, na sauti hizo zinaniletea watu mlangoni. Mzazi anaingia na mwanawe, hata kukaa hajakaa, anataka mtoto aandikiwe MRI, kile kipimo cha picha za ubongo, "tuone simu imeharibu wapi". Mtoto yupo, anasikia. MRI ya hospitali haionyeshi TikTok, lakini mtoto wa miaka 14 akishaambiwa mbele ya mgeni kwamba ubongo wake umekufa, kauli hiyo anaondoka nayo, na mimi ndiye ninayehangaika kuitoa.

Dopamini si maji ya raha. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipopima seli za dopamini kwa nyani, aliona zinachangamka pale nyani anapopata zaidi ya alichotarajia. Akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinaitikia taa, juisi yenyewe haizishtui tena. Taa ikiwaka na juisi isije, zinafifia. Ni kemikali ya kujifunza na kutazamia. Waliopungukiwa nayo tunawajua: ni wagonjwa wa Parkinson, ambao hata kuanza hatua moja ni kazi. Kwa hiyo anayewaambia mumfungishe mtoto dopamini, yaani mumnyime kila kinachomfurahisha ili ubongo utulie, hajui anachokisema.

Kinachomshika kijana kwenye simu ni kutojua. Atafungua, huenda kuna kitu, huenda hakuna. Binti mmoja wa kidato cha pili alinieleza utaratibu wake: picha inapanda saa tatu usiku, anaweka simu kifudifudi kitandani, anaigeuza, anairudisha, anaigeuza tena. Ikifika saa tano laiki hazijatosha, anaifuta, kisha analala akihesabu nani ameiona akanyamaza. Hilo ndilo la kushughulikia, na halihitaji kokeini kulieleza. Tangu balehe, ubongo unalipa uzito mkubwa suala la wenzangu wananionaje, na sehemu ya mbele inayotuliza papara inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwaonyesha vijana 32 picha zao wenyewe wakiwa ndani ya mashine inayopima shughuli za ubongo, na laiki zilikuwa zimepangwa na watafiti. Picha ikiwa na laiki nyingi, eneo la ubongo linaloitikia pia chakula na fedha liliamka zaidi. Kuamka si kuharibika. Lingeamka vilevile akishangiliwa uwanjani.

Kuna utafiti mwingine wa 2023, wa wanafunzi 169 wa North Carolina, Marekani, waliofuatiliwa miaka mitatu. Waliokuwa wakichungulia mitandao mara nyingi zaidi kwa siku, ubongo wao ulizidi kuwa mwepesi kushtuliwa na maoni ya wenzao. Huu naupa uzito. Lakini watafiti wenyewe walisema haijulikani kama kuchungulia kumeleta wepesi huo au watoto wepesi ndio wachunguliaji.

Sasa kuna kundi la pili, nalo linanichosha vilevile. Hawa wanashika utafiti wa wanasaikolojia Amy Orben na Andrew Przybylski wa 2019, wa vijana zaidi ya 350,000, uliokuta kwamba teknolojia ya kidijitali inaeleza asilimia 0.4 tu, tena kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi wao. Basi wanatangaza hakuna tatizo. Wastani unaficha watu! Uholanzi, mwaka 2020, vijana 63 waliulizwa mara kadhaa kwa siku wanajisikiaje baada ya kuperuzi. Asilimia 46 walijisikia vizuri zaidi, 44 hawakubadilika, 10 walijisikia vibaya. Ukichanganya wote unapata karibu hakuna kitu, na wale asilimia kumi wanapotea kwenye hesabu. Mimi kazi yangu ni wale kumi. Na hapa niseme jambo ambalo vitabu vinalipita haraka: mtoto mwenye sonona akiletwa kwangu, mara nyingi siwezi kutenganisha simu na msiba wa nyumbani, matokeo mabaya ya mtihani, au mama aliyeondoka. Amezama kwenye simu kwa sababu ana huzuni, au ana huzuni kwa sababu amezama? Ninaanza kumtibu kabla swali hilo halijajibiwa.

Kwenye usingizi sibembelezi. Kijana anahitaji saa nane hadi kumi, na balehe yenyewe inauchelewesha mwili kusinzia. Juu ya hapo, mwenye hela kidogo ananunua bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu, halafu saa kumi na moja alfajiri anasimama barabarani kusubiri basi la shule. Hasira, kusahau, kulia ovyo: nusu ya mnayoyaita uraibu ningeanza kuyatibu kwa kulaza simu zote sebuleni, ya baba ikiwemo.

Kunyang'anya simu ndiko ninakokuogopa. Wapo vijana wanaotishiwa na watu wa mtandaoni kwamba picha zao za utupu zitasambazwa wasipotuma hela. Wanakaa na siri hiyo peke yao, wengine wakifikiria kujiua, kwa sababu wanajua neno la kwanza la mzazi litakuwa "lete hiyo simu". Mwambie mwanao leo, kabla halijatokea: akikuletea habari ya aina hiyo, simu haitachukuliwa na hatapigwa. Asitume hela, asifute ujumbe, aje kwako hata kama ni usiku wa manane.